Elfu Nne na Mia Saba

Alifariki Jumanne, wodi ya wanaume, Kitete,
na Ijumaa tulikuwa na kipindi cha kurekodi.
Yasini Kapaya. Kwenye runinga mlimwita Mzee Risiti,
yule wa kubisha hodi kila ugali ukipakuliwa,
koti la kahawia, mifuko imevimba vikaratasi:
"Elfu nne na mia saba, Shabani. Sijaja kula."
Kisha anakula.

Tulikaa Cheyo, kwenye stoo ya magunia tuliyoigeuza studio,
chini ya dirisha la kuchora lisilotazama popote,
tukagombana.
Meneja akasema: mpandisheni treni.
Hapa Tabora reli zinagawanyika,
kuna Mpanda, kuna Mwanza, kuna Kigoma,
chagueni moja, mpeni begi, yaishe.
Nyamizi akauliza: mdai gani anasafiri hajalipwa?
Mwingine akamtaja mdogo wa marehemu, eti wamefanana pua.
Mdogo mwenyewe alikuwa bado na udongo wa kaburi kwenye viatu.

Mimi ndiye mwandishi.
Miaka sita nimeandika watu wanaoteleza,
wanaofumaniwa, wanaozimia wakaamka.
Asiyeamka sijawahi.
Nikaandika: "Mzee Risiti kaenda Mpanda kununua asali."
Nikafuta asali, nikaweka mchele,
kana kwamba kosa lilikuwa kwenye bidhaa.

Mjane akaja kuchukua koti.
Lilikuwa la kwake kweli, la harusi, hatukulinunua sisi.
Akapekua mifuko mbele yetu:
risiti ya matobolwa, ya betri,
ya dawa ya presha, nusu dozi.
Hiyo ya mwisho akaikunja, akaibana kwenye kanga.
Nyingine akatuachia.

Ijumaa tukawasha taa. Ugali ukapakuliwa.
Mihayo, ambaye ndiye Shabani, alitakiwa aseme habari ya treni.
Akautazama mlango.
Tuliizoea ile hodi: mbili za haraka, moja ya uvivu.
Akangoja. Kamera ikangoja. Ugali ukaacha kufuka.
Kisha akatia mkono mfukoni, mfuko wake, si wa Shabani,
akatoa noti zilizokunjamana na sarafu mbili,
akainuka, akazipanga kizingitini,
akarudi kula.
Hakuna aliyesema kata.

Usiku, Luhende akaunganisha picha.
Vicheko vyetu ni vya akiba, mjue.
Tulivirekodi mwaka wa kwanza kwa kreti mbili za soda,
majirani thelathini wa Isevya kwenye mabenchi,
na Yasini katikati yao, siku hiyo hakuwa na zamu.
Alikuwa mzito wa mzaha.
Wenzake wakishamaliza ndipo unamfikia:
heh,
na kikohozi.

Luhende akauliza: hapa niweke kicheko?
Nikasema usiweke.
Lakini vidole vina mazoea.
Thelathini wakacheka pale penye pesa, pasipo pake, vibaya,
wakanyamaza,
halafu yeye, amechelewa,
heh.
Kikohozi.

Tukairudia mara nne. Tukaiacha.

Nyinyi mliopiga simu kwamba tumemcheka marehemu,
sikilizeni tena, hadi baada ya wengine.

Zile pesa bado ziko kizingitini.
Mama wa usafi anafagia, akifika hapo anazizunguka.