Kipimo

Alifungua fundo la leso, lakini hakutoa pesa.
Alitoa ujiti wa ukuti, akaulaza juu ya kioo:
"Huu ndio urefu wa kwato lake. Nimeupima alfajiri
kwenye matuta yangu ya mihogo, Mtongwe.
Nipe bunduki ya kiasi hiki."

Nami, karani wa duka la Bwana Taibali,
uchochoro wa nyuma ya Marikiti,
kati ya muuza bizari na fundi wa saa,
nilizoea wanaume wanaotaja nambari
kwa sauti ya mtu anayetaja mahari.
Sikuwahi kuletewa ukuti.

Nilianza na ndogo, ile ya kwale, ya marisau.
"Hii itamkuna tu," akasema,
"na nguruwe aliyekunwa hurudi na hasira."
Nikashusha ya tembo, mtutu kama bomba la mfereji.
Akakiegemeza kitako begani, akanyamaza, akairudisha.
"Hii kwanza itaniua mimi."

Zikabaki mbili juu ya kioo,
ya milimita tisa na ya milimita saba.
Nikamsomea nilivyofunzwa:
ya tisa ni nzito, huvunja mfupa wa bega
na dume huanguka papo alipo;
ya saba ni nyembamba, ina mbio,
hupenya ngozi, tope kavu na mafuta,
na ikitokea upande wa pili bado ina safari.

"Safari ya kwenda wapi?"

Swali hilo halimo katika kitabu cha bei.

Akachora kwa kidole juu ya vumbi la kioo:
hapa mihogo, hapa anapopitia nguruwe,
na hapa, nyuma yake, hatua themanini,
nyumba ya Salimu Mwakutsunga, udongo na makuti,
watoto watano wanaolala upande wa shamba
kwa ajili ya upepo.
"Ukuta wa udongo huzuia milimita ngapi?"

Bwana Taibali akaacha kuhesabu. Miwani ikamteremka.
"Chukua ya tisa, Bi Mejumaa, yenye ncha laini.
Hufumbuka ndani ya mnyama. Huenda ikabaki humo."
"Huenda," akarudia,
kama aliyeonja mchuzi akakuta chumvi imezidi.

Kisha akacheka peke yake. "Dungu!"
Marehemu mumewe alisimamisha dungu shambani,
nguzo nne za mkoko, la kuwafukuzia nyani.
Atapanda. Atalenga chini.
Risasi ikishampita nguruwe na iingie ardhini,
ikalale na mihogo.
"Na huko juu, mwanangu, hiyo ya tisa itanirusha
nimwangukie mwenyewe mgongoni. Nipe ya saba."

Nusu ya bei alitoa yeye.
Nusu alitoa Musyoki wa reli, aliyeiwekea nafasi mapema
nyama ambayo Bi Mejumaa hataigusa
hata kwa ncha ya jembe.
Kibali kilichukua miezi miwili.
Nguruwe hakungoja kibali, alimaliza matuta sita.

Alinunua risasi tano, akazihesabu mara mbili,
akaikunja bunduki ndani ya mkeka
na kushika njia ya feri.

Alirudi baada ya mfungo na risasi nne.
"Zirudishe."
"Haturudishi, bibi."
Akaniwekea ganda tupu mbele yangu,
akaligusa bega juu ya buibui, akakunja uso.
"Na nguruwe?"
"Siku yake ilifika."
"Na kwa Salimu?"
"Asubuhi aliniuliza kama usiku kulinguruma mvua."

Ganda lile liko kwenye droo, pamoja na ukuti,
ambao umekauka na kupungua, si kipimo tena.
Akija mteja na nambari zake mdomoni
humuuliza kwanza, nyuma ya mnyama anakaa nani?
Wengi hukasirika.
Juzi mmoja ametoka akaenda kununua kwingine.