Waya wa Kurudi

Mlekwa alikitoa ndani ya soksi,
kidude cha muziki, kizito kama mche wa sabuni,
zawadi ya mpwawe aliyehamia Doha.
"Fundi, kina matundu mawili,
jembamba na nene. Mpwa wangu ameapa
nene ndilo la watu wenye masikio."

Nilikuwa na ampu ya msikiti wa Kanyenye mezani, imebubuwaa.
Nikaiweka pasi ya lehemu kwenye kigae,
nikamchorea nyuma ya risiti ya unga:
tundu jembamba, nyaya tatu.
Kushoto inakwenda, kulia inakwenda,
kurudi, zote mbili njia moja,
kama reli yetu hapa Tabora:
treni ya Kigoma inangoja pembeni ya Mwanza ipite,
abiria wananunua asali.
Tundu nene, nyaya nne.
Kila upande una kwenda kwake na kurudi kwake,
hakuna anayemkanyaga mwenzake kisigino.

Akacheka. "Miaka thelathini na moja nimeshika kibendera,
unanifundisha mimi kupishana kwa treni?"

Tukajaribu. Nene likampiga kwa nguvu
hata akainuka kitini. "Hilo!"
Ngoja, nikamwambia. Debe nalo lina nguvu.
Nikachomeka mita, nikaweka mlio mmoja usioyumba,
nikazilinganisha volti, sawa kwa sawa,
nikamfunga macho kwa mtandio wa mkewe, Kalunde,
aliyekaa mlangoni akichambua karanga.
Mara kumi nikabadilisha tundu.
Mara tano akapatia.
Hata shilingi ukiirusha ingepata hizo tano.

Nilipomfungua ndipo akaniambia:
kati ya wimbo na wimbo, nene lina mvumo,
mwembamba,
kama mvua inayonyesha Sikonge
huku kwetu vumbi.

Na ndipo nikaona anasikiliza kwa sikio moja.
La kulia lilibaki stesheni, akasema,
honi ililichukua, mwaka ule wa mafuriko.
"La kulia ni la huyu."
Kalunde akasogeza kigoda,
akakipokea kisikizi cha pili kama mtu anayepewa chenji yake,
akakitia sikioni, maganda ya karanga vidoleni.

Kumbe ndivyo wanavyolala, kule Isevya, umeme ukikatika:
waya mmoja, vichwa viwili,
yeye na gitaa la kushoto, mkewe na tarumbeta za kulia,
na asubuhi ubishi, nani alisikia nini.

"Lile jembamba," Kalunde akafungua kinywa mara ya kwanza,
"umesema njia ya kurudi ni moja?"
Moja.
"Basi chake huvuja kuja kwangu?"
Kidogo, mama. Chembe. Hata mita yangu haikioni.
"Na changu kwake?"
Vivyo hivyo.
"Na hilo nene?"
Hilo karibu halivuji kabisa.

Akatafuna karanga, akaimeza.
"Tuachie jembamba."

Nikawatoza elfu mbili. Mlekwa akabisha, akalipa moja.

Jioni nikairudia ampu ya msikiti.
Fyuzi nzima, transista nzima.
Kilichokatika ni waya wa kurudi,
mweusi, umejificha chini ya vumbi.
Nikaugusa kwa tone moja la risasi,
na vipaza vyote viwili
vikakohoa pamoja.