Mrehani wa Darini

Mwezi ule upepo ulitoka mjini bila kuaga.
Kuta za Langoni zilimeza jua mchana kutwa
zikalilipa usiku, kidogo kidogo,
kama mdaiwa asiyetaka kulipa.
Punda walijibana kwenye kivuli chembamba kama uzi.

Kila asubuhi nilipanda vidato kumi na saba
hadi darini kwa bibi yangu, Mwana Zena,
na kuzi la maji yaliyofukizwa ubani
na kikombe chake cha bati, kile cha maua mekundu.
"Kunywa, Bibi."
"Mai? Weka hapo. Nitakunwa."
Jioni nikikuta kikombe kitupu, kisahani juu yake,
nashuka nikijisifu.

Mrehani wake uliota dirishani, katika kopo la samli.
Mji mzima majani yalijikunja kama vidole vya mwizi,
huo peke yake ukanenepa.
Kijani cha kujionyesha, shada juu ya shada,
harufu ikinishukia ngazini kabla sijafika.
Jirani yetu Bi Sauda alichungulia kutoka wikioni:
"Mwautilia nini mmea ule?"
Nikamjibu, mkono wa bibi una baraka.

Alhamisi midomo yake ilikuwa na nyufa.
Aliniita Famau, jina la babu,
akaniuliza kama nimerudi na tambuu.
Babu ana miaka kumi na mmoja kaburini.

Muuguzi Tima alikuja mbio, buibui limejaa vumbi.
Alifinya ngozi ya mgongo wa mkono, akaiachia.
Haikurudi.
Ilisimama vilevile, ukunjo mdogo,
kama pindo la leso lililopigwa pasi vibaya.
"Huyu amekauka. Tangu lini hanywi?"
Nikaapa. Nikamhesabia vikombe, siku kwa siku.
Kisha nikatazama dirishani,
na mrehani ukanitazama,
umeshiba.

Maji, chumvi, sukari, kijiko baada ya kijiko,
tangu adhuhuri hadi taa za vichochoroni.
Usiku akanijua jina.
Akageukia ukuta, akasema na ukuta:

"Choo kiko chini.
Kikombe kimoja kwangu ni safari mbili,
kumi na saba kushuka, kumi na saba kupanda,
na goti hili halitaki kusikia.
Nikuite wewe usiku, mtoto wa kiume,
unishike kiuno mpaka mlangoni?
Bora kiu.
Kiu haina shahidi."

Mimi ni mwalimu wa hesabu.
Hesabu ile sikuwahi kuipiga.

Ijumaa baada ya sala tulikishusha kitanda,
mimi na Lali fundi wa milango.
Kilikwama penye kona ya ngazi, mguu mmoja juu,
Lali akatukana, akakumbuka siku, akaomba radhi.
Tulikiweka chumba cha chini, hatua nne kutoka chooni,
karibu na birika ambamo samaki wawili wadogo
hula viluwiluwi vya mbu na kunenepa bila shukrani.

Siku tatu Bibi alinung'unika.
Huku chini haoni paa za watu,
huku chini nimemzika kabla ya siku yake.
Siku ya nne, kabla ya adhana, nikiwa kitandani,
nilisikia hatua nne. Mlango. Kimya.
Kata ikagonga ukingo wa birika.
Hatua nne tena.
Halafu sauti niliyokuwa sijaisikia mwezi mzima:
koo lake likimeza, taratibu, bila haya,
likimeza tena.

Mrehani nikaushusha baadaye.
Ulikuwa umekonda, ukipukutisha majani vidatoni.
Bibi aliupokea kwa mikono miwili kama mgonjwa.
Akanywa nusu ya kikombe.
Nusu akaimimina koponi.
Nikafungua kinywa.
"Wewe," akasema,
"kajaze kuzi."