Povu Lisipoe

Januari, Longton. Kioo cha dirisha la bafu
kimeota maua ya barafu kwa ndani.
Baba yangu, Enoch Colclough, ameketi
kwenye kiti cha jikoni nilichokipandisha ngazi,
taulo shingoni, ananikodolea jicho moja
kama msimamizi wa zamu.

Miaka thelathini na minne alipanga vyombo tanurini.
Sasa upande wa kulia umelala;
kiharusi kilipita humo kama mwizi
asiyejali kufunga mlango.

Nina haraka. Nina basi la saa mbili na nusu.
Nina mkebe wa povu la dukani, la kubonyeza tu,
na lilipomgusa shavu lilikuwa baridi kama konokono.
Akageuza uso.
Neno moja limembakia ulimini: "Hapana."
Kidole cha kushoto kikanyooka kuelekea kabatini,
nyuma ya dawa za kikohozi
na vibanio vya nywele vya mama.

Kilikuwa humo. Chombo cha kauri,
kahawia, kinene, kifupi, cha kiburi kidogo.
Juu bakuli, tumboni uwazi wa maji,
ubavuni mdomo kama wa birika.
Ukikitazama ni kimoja; ndani ni nyumba ya ghorofa:
chini hupanga maji ya moto, juu hupanga povu,
na hawa wawili hawaonani,
ila mmoja humpasha mwenziwe.

Hivyo ndivyo walivyoishi wazazi wangu.
Baba zamu ya usiku, mama ya mchana,
akichovya vikombe kwenye maji ya kung'arisha.
Walipishana mlangoni, mmoja akifungua vifungo vya koti,
mwingine akivifunga,
na kitanda chao hakikupoa.

Chini ya mkono wa chombo pana doa lisilong'aa.
Hapo ndipo alipokishika akikichovya.
Mkaguzi akakitia pembeni, daraja la pili,
na Beryl akainunua aibu yake mwenyewe
kwa shilingi mbili na peni sita.

Nikachemsha maji. Nikayamimina mdomoni.
Nikataka kuanza; kidole cha kushoto
kikagonga ukingo wa sinki: bado.
Tukangoja. Udongo hauharakishwi,
hata huu uliokwisha kuiva zamani.
Mwenzio akinyolewa, zako tia maji,
lakini nani aliwahi kutuambia ni maji ya joto gani?

Brashi ya manyoya ya nguruwe ikalainika.
Sabuni kavu kama mfupa, mzunguko, mzunguko,
mpaka povu likawa zito,
likasimama lenyewe na kutoa mvuke.

Nikampaka.
Upande uliolala haukuamka, sitawadanganya.
Lakini lile jicho la msimamizi lilifumba,
na mabega yakashuka
kama mtu aliyetua kreti la sahani.

Wembe ukaenda na ndevu, kutoka sikioni kushuka,
ukikwaruza kwa sauti ya mtu anayefagia ua mbali.
Pale chini ya pua nilishika pumzi, naye akashika yake.
Mara ya kwanza. Nikasuuza wembe.
Mara ya pili, nikichovya brashi, nikatarajia ubaridi:
joto lilikuwa lingali linapanda kutoka chini.
Nje, basi la saa mbili na nusu likapita,
likatingisha kioo, likaenda zake.

Nilipomwaga maji, gumba langu likatua kwenye doa.
Halikuenea. Nilisahau mikono yake ilivyokuwa midogo.

Nikakikausha, nikafungua kabati kukirudisha.
"Hapana," akasema baba.

Nikakiacha dirishani, tumbo likiwa bado vuguvugu,
na nyuma yake maua ya barafu
yakaanza kudondoka, upande mmoja tu.