Hodi Kinywani

Jumanne, nyuzi thelathini chini ya sifuri,
moshi wa makaa umeilalia Darkhan kama blanketi chafu,
na Temuulen, miaka sita, hataki kuvua kofia.
Hataki kuvua glavu. Hataki kiti. Hataki jina lake liitwe.
Bibi yake amemwahidi pipi, kisha polisi, kisha
"Ukilia watakudunga!"
na mimi, mshika taa, nikamwomba bibi kwa adabu
akatuangalizie buti zisigande mlangoni.

Daktari Oyunchimeg hakugusa koleo.
Alikaa sakafuni, na koti lake jeupe,
akauliza jino linaitwaje.
Kimya.
"Na mbwa wenu?"
"Asar."
"Asar ana meno mangapi?"
Mtoto akafikiri. Hapo ndipo alipokosea:
anayehesabu hawezi kupiga mayowe vizuri.

Tukampa kioo kidogo, akakikagua kidole gumba chake.
Tukampulizia hewa kiganjani, fyuu.
Bomba la mate likanywa kikombe kizima cha maji, korrr,
akacheka, akajikamata, akanuna upya.
Sema kwanza. Onyesha. Kisha tenda.
Wala usitamke neno ambalo mkono wako utalikana.

"Itauma?"
(Hapa wengi wetu huteleza.)
"Itabana," akasema daktari, "kama buti ya mwaka jana.
Ukiinua mkono wa kushoto, naacha.
Hata nikiwa katikati."

Akainua kabla hatujaanza. Daktari akaacha.
Akainua tena. Akaacha tena.
Mara ya tano niliitazama saa, foleni ikikohoa nje,
nikaikumbuka ile shuka.

Mimi nilifungwa kwa shuka, nina miaka saba,
wauguzi wawili, goti la mmoja juu ya paja langu,
"Nyamaza, jasiri halii."
Jino lilitoka. Hofu ilibaki na mzizi wake.
Miaka ishirini sikufungua mdomo mbele ya taa,
hata kwenye picha ya harusi nimefumba.
Sasa taa naishika mimi.
Najua pa kuielekeza, isichome macho.

Kinywa, wasema, ni jumba la maneno;
basi jumba lina mwenyewe,
na mgeni, hata awe na shahada ukutani, hupiga hodi.

Hodi.
Mkono juu.
Hodi.
Mkono juu, lakini nusu.
Hodi,
na mlango ukafunguka ufa wa ukucha,
harufu ya maziwa makavu na chai ya chumvi,
na huko ndani jino la chini, jeusi ubavuni,
linaning'inia kwa uzi wa ukaidi.

Sitasema hakulia. Alilia.
Alimng'ata daktari pia, kidogo, juu ya glavu.
"Asante," akasema, "sasa najua yaliyobaki ni imara."

Bibi akalifunga jino katika kipande cha mafuta ya kondoo
alichokuja nacho mfukoni tangu alfajiri:
la Asar hilo, alimeze, jipya liote kali kama la mbwa.
Kumbe naye alikuwa na tumaini lake,
limeviringishwa gazetini, chini ya vitisho vyote.

Mlangoni Temuulen akageuka, kofia imemshuka machoni,
akainua mkono wa kushoto.
Tukasimama sote papo hapo, daktari, mimi, bibi na skafu yake.
Hakutaka kitu.
Alikuwa anajaribu kama bado unafanya kazi.