Hesabu za Nsimire

Mwalimu Bisimwa ametandaza karatasi tatu juu ya dawati:
chuo cha mapadri, chuo cha serikali,
na kile kipya cha Nguba, chenye vioo.
"Usichague vioo," anasema. "Uliza nani anafundisha hesabu,
na waliomaliza wako wapi."

Nsimire anaigeuza karatasi ya vioo.
Nyuma yake anaandika, kwa kalamu inayokwamakwama:
beseni la sambaza, faranga elfu ishirini;
robo yake imeoza;
deni la Mama Cito, tangu Pasaka.
Anapiga mstari.

Huko Kadutu mama yake anahesabu kwa vidole.
Hajakosea hata siku moja,
ila hajui faida inalala wapi.

"Mwalimu,
ni chuo gani
wanafundisha kuiamsha?"