T ya Tatu

Mosjøen, Novemba. Saa nane mchana na taa zimeshawashwa.
Gunnvor Aspnes analisoma gazeti la kesho
kabla halijawa gazeti, penseli nyekundu sikioni.
Safu ni nyembamba: herufi ishirini na nane, mstari umejaa.

"Maneno yetu hayapangi foleni," anamwambia Sjur,
kijana wa wiki mbili kazini. "Yanabebana.
Tazama la mwisho, hilo ndilo mwenye nyumba,
yaliyotangulia yote ni wageni wake.
Hage ni bustani. Barn ni mtoto.
Barnehage: bustani ya watoto, shule yao ya kwanza.
Na hiyo e katikati?
Gundi. Haina maana yoyote,
ila ukiibandua, nyumba inavuja."

Sjur anaandika kila kitu. Ana sababu.
Juzi, kwenye tangazo la duka la Hauknes,
aliacha nafasi ya upana wa unywele:
tunfiskbiter, vipande vya jodari,
ikawa tunfisk biter, jodari anauma.
Mzee mmoja alipiga simu kuuliza
kama samaki huyo amefungwa mnyororo.

"Neno likigoma kuingia, likate,
lakini likate penye mshono.
Kama halina mshono, konsonanti moja ishuke na irabu yake:
le, kistari, se.
Usimwachie msomaji mfupa mdomoni."

Kisha ukurasa wa kumi na nne, matangazo ya vifo.
Anasoma kama anavyosoma bei ya viazi,
kidole chini ya mstari, midomo ikisogea.
Eilert Aspnes, høyt elsket, aliyependwa mno,
miaka thelathini na mmoja kondakta wa
nat-
tog.

Kidole kinasimama.

"Mashine imekosea," anasema.
"Natt, usiku, ina t mbili. Tog, treni, ina yake.
Jumla tatu. Zikioana, moja hutoka,
maana hatuweki tatu za sura moja mlango mmoja.
Nattog. Hakuna anayeuliza.
Lakini neno likikatikia ukingoni,
ile iliyotoka hurudi."

"Ilikuwa wapi?" anauliza Sjur.

Theluji inagonga dirisha, kavu, kama mchele unaopepetwa.
"Sijui. Labda imebana pumzi."

Anaichora t kwa penseli nyekundu, wima,
na kijiti chake kifupi begani.
Sjur anaiingiza, anahesabu kwa ncha ya kalamu:
ishirini na tisa. Mstari umefurika.

"Ondoa høyt," anasema Gunnvor.
"Angeona haya. Elsket inatosha."

Kijana anajaribu. Mistari inapanda kidogo,
treni inarudi kwenye usiku wake, neno linafumba,
na t haipo tena.
Anageuka kumwonyesha, hasemi kitu.

Gunnvor anavua miwani, anaifuta kwa pindo la sweta,
anaivaa, anaona kilekile.
Chini, mtu wa mitambo anapiga bomba mara mbili:
muda.

"Rudisha høyt."
"Na herufi iliyozidi?"
"Bana nafasi, mstari mzima, kidogo kidogo.
Upana wa unywele. Wewe unaujua."

Anabana.
Natt, kistari.
Chini yake, tog.